Kwenda Vermont na Bunduki ya Emil

Nitasema mapema ili msinichoshe na maswali: nilikuwa nakwenda kumuua shemeji yangu. Si kumtisha, wala si kumtia adabu. Kumuua. Na bunduki niliipakia kwa kufuata sheria neno kwa neno, maana mtu aliyekusudia jambo kubwa akikamatwa kwa jambo dogo ni mpumbavu, na mimi sikuzaliwa mpumbavu.

Kwetu Pennsylvania, Novemba ikiingia kila mtu anajua kupakia. Bunduki iwe tupu, chemba ya risasi umeichungulia na kidole umekitia. Inalazwa kwenye sanduku gumu, sanduku linapigwa kufuli. Risasi zina sanduku lake na kufuli lake. Vyote vinakwenda nyuma ya pikapu, chini ya kifuniko, mahali ambapo dereva hafiki hata ajinyooshe vipi. Ukibaki kwetu unaweza kuzembea, jirani akakucheka yakaisha. Lakini kwenda Vermont lazima ukatize New York, na New York hawana utani. Sheria ya taifa inakuruhusu kupita, mradi unakotoka una haki na hiyo bunduki, unakokwenda una haki nayo, na njiani huigusi. Basi wanaume wanaotutambia mwaka mzima kwenye baa, wakiukaribia mpaka ule, wanashuka garini kukagua makufuli kama watoto waliotumwa dukani na noti kubwa.

Mimi nilikagua nyumbani, na mpakani sikushuka.

Bunduki ilikuwa ya mume wangu, Emil Hudak. Ndiyo iliyomuua. Aliyeishika alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Denny.

Acha niwaeleze ilivyokuwa, maana bila hilo mtaniona mwendawazimu. Kule kaskazini ya Vermont kuna kibanda cha magogo cha mzee anaitwa Thibault. Wanaume wa Hudak wamewinda kulungu hapo tangu enzi za baba yao. Ukutani mna ubao wenye kulabu. Kila kulabu ni mahali pa kuvizia, na kila mwindaji ana kibao chake cha mti chenye jina. Thibault anakupangia mahali, unatundika kibao, unakwenda, na hubanduki mpaka apige honi. Ukitaka kubadilishana na mwenzako, kwanza mnabadilisha vibao, wote wanaona, ndipo mnatoka. Kambi ile haina sheria nyingine yenye maana. Unaweza kulewa, kukoroma, kumtukania mtu timu yake ya mpira, lakini mahali pako usipaache, kwa sababu kila mtu anafyatua akijua mwenzake yuko wapi.

Mwaka aliokufa, Emil alipangiwa Bwawani, chini, karibu na kambi. Denny alipangiwa Mierezini, juu mlimani. Bunduki ya Denny ilikuwa imeharibika, kwa hiyo Emil alimwazima yake nzuri, ile aliyorithi kwa baba yao, yeye akachukua ya akiba. Mchana wakamwokota Emil Mierezini, na risasi ya bunduki yake mwenyewe kifuani. Denny akajigaragaza kwenye theluji akilia. Akasema alikuwa mahali pake, akaona matawi yanatikisika, akapiga, hakujua kwamba kaka yake ameacha Bwawani akapanda huko. Watu wakaenda kutazama ubao. Kibao cha Emil Bwawani, cha Denny Mierezini. Ubao ukamtetea. Mahakama ikamtoza faini, ikamnyima leseni ya kuwinda kwa miaka michache, yakaisha. Bunduki nikarudishiwa mimi mjane.

Kufiwa nilikuwa nimekubali. Watu hufiwa. Kilichonitafuna maini ni alichosema mama mkwe wangu, Ludmila, siku ya mazishi, amesimama mbele ya jeneza, kanisa limejaa: "Emil hakutulia mahali pamoja tangu utotoni. Kajitakia mwenyewe, maskini mwanangu."

Emil! Mtu aliyekuwa anakaa juu ya gogo tangu alfajiri mpaka giza hata kukohoa hakohoi! Mtu ambaye nilikuwa nikimwambia nisubiri hapa, nikirudi baada ya saa mbili namkuta palepale na mvua inamnyeshea! Lakini mama mtu kasema, nani atabisha? Mji mzima ukalishika hilo. Nikienda kununua nyama: "Pole sana, Bernie, lakini na yeye angebaki mahali pake..." Nikienda kwa kinyozi: "Pole, Bernadine, bahati mbaya, tena mtu mzoefu vile kuacha mahali pake!" Nilizika mume, halafu nikaanza kuzika jina lake kidogo kidogo kila siku.

Mwezi wa tano mwaka huu tulikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yao. Mimi naosha vyombo jikoni, Denny akaingia amelewa chakari, akaegemea friji.

"Bernie," akasema, "mguu ulikuwa unaniuma siku ile."

"Siku gani?"

"Ile. Mlima ule nisingeuweza. Nikamwambia kaka tubadilishane, nipe Bwawani, wewe panda juu. Akasema tubadili vibao. Nikamwambia aa, Thibault atatupigia kelele, mambo ya ndugu haya, twende tu. Akanicheka, akaenda."

Sahani ikanitoka mkononi. Haikuvunjika, ilizama kwenye povu.

"Halafu baridi ikanizidi pale Bwawani," akaendelea, machozi na makamasi yanamchuruzika. "Nikaondoka. Nikapanda kumwomba kahawa. Nikaona kitu kinatikisa mierezi. Nikasahau, Bernie! Haki ya Mungu nilisahau kwamba ni mimi niliyemtuma huko."

Sikulala siku ile. Asubuhi nikampigia simu nikamwambia: twende kwa padri, twende kwa Thibault, yaseme hayo mbele za watu.

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Shemeji, nilikuwa nimelewa. Unashika maneno ya pombe? Nani atakuamini?"

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi, kama mnataka kujua. Angesema "niache, Bernie, naogopa," labda ningelia tu nikanyamaza. Lakini nani atakuamini! Ananiambia mimi!

Leseni yake ilirudi mwaka huu. Nikasikia anajisifu baa kwamba atakwenda kambini siku ya kwanza ya msimu. Nikampigia simu Mzee Thibault, nikamwambia nataka nafasi ya Emil. Nimewinda na baba yangu tangu sijaota meno ya ukubwani, na Thibault anajua. Alikohoa, akaniuliza kama nakoroma, akasema njoo. Leseni ya Vermont nikaikata siku hiyohiyo.

Kwa hiyo asubuhi ile niliondoka kungali giza, thermosi ya kahawa pembeni, na kitini kwa Emil hakuna mtu. Nimeingia New York kitambo, jua limeshachomoza, nikaona taa za bluu na nyekundu zinanifuata nyuma.

Nikasimama. Nikashusha kioo, mikono nikaiweka juu ya usukani. Akaja askari kijana, masikio yamemwiva kwa baridi.

"Habari za asubuhi, mama. Taa yako ya nyuma ya kushoto haiwaki."

"Loo! Asante kijana, sikujua."

"Kuna silaha humo ndani?"

"Ipo. Bunduki ya kuwindia. Iko nyuma, tupu, imefungwa kufuli. Risasi ziko kivyake, nazo zimefungwa. Natoka Pennsylvania, nakwenda Vermont, huku kwenu napita tu."

Akanitazama. Nadhani alizoea watu wa kugugumia. "Naweza kuangalia?"

"Angalia mwanangu, macho hayalipiwi."

Nikashuka nikafunua nyuma. Akagusa kufuli la kwanza, akagusa la pili, akalitikisa. Akaniuliza funguo ziko wapi, nikamwonyesha zilivyoning'inia pamoja na ufunguo wa gari. Akaitikia kwa kichwa, amefurahi kama mwalimu aliyeona daftari safi.

"Laiti wote wangekuwa kama wewe. Jana nimemsimamisha mtu, bunduki imejaa risasi, kailaza kiti cha nyuma, mbwa kaikalia!"

"Mbwa alikuwa na leseni?"

Akacheka mpaka akashika kofia. "Unasafiri peke yako? Mzee hawindi?"

"Mzee alitangulia."

"Basi mkute salama. Tengeneza hiyo taa. Na Mungu akupe dume lenye pembe pana!"

"Amina," nikasema. Na nilisema kwa moyo wangu wote.

Aliponiacha nilikaa kidogo kabla ya kuwasha gari. Nilicheka peke yangu, tena kicheko kibaya. Sheria imekagua makufuli yote mawili ikaridhika. La tatu, lililo hapa kifuani, halimo kwenye kitabu chao. Nikawasha nikaenda.

Nilifika kambini mchana, wanakula. Supu ya maharage na nyama, mkate, soksi zimeanikwa juu ya jiko la kuni, harufu ya miguu. Walikuwa Thibault, Denny, jitu moja la mzaha linaitwa Hoyt, na wazee wawili wa Vermont wasiosema kitu. Denny aliponiona mlangoni kijiko kilisimama hewani.

"Shemeji," akasema. "Hukuniambia unakuja."

"Ningekuambia usingekaa unisubiri."

Hoyt akasogea benchi likalia. "Karibu, mama! Afadhali leo tupate mtu wa kunukia sabuni."

"Nyie hata sabuni ingekimbia," nikamwambia. Wakacheka. Nikala supu yao, bakuli zima, mbele ya uso wa Denny, na nikaongezewa. Msinione katili. Njaa ni njaa.

Tulipomaliza nikaenda kwenye pikapu, nikafungua kufuli, nikaleta bunduki. Ndani ya kibanda bunduki huwa tupu, nikawaonyesha chemba wote waone, nikailaza mezani kati ya mabakuli. Risasi zilikuwa mfukoni mwa koti langu. Ile bunduki ina alama kwenye kitako, mahali baba yao alipoigonga kwenye mlango wa trekta. Denny akaiona alama.

"Umeileta hiyo," akasema.

"Ya Emil ndiyo bunduki niliyo nayo, shemeji. Nije na fimbo?"

Thibault hakuelewa kitu, masikio yake mabovu. Alisimama mbele ya ubao akaanza kupanga watu kwa zamu ya mchana. Alipofika kwangu nikasema kwa sauti kubwa, "Mzee, nipe Mierezini. Pale alipofia mume wangu."

Mzee akanitazama, macho yakamlegea. "Una haki," akasema. Akanipa kibao kipya ambacho alikuwa amekichonga mwenyewe, BERNADINE, nikakitundika Mierezini. Denny akapangiwa Bwawani. Akatundika chake, nikaona mabega yanashuka. Alidhani yameisha. Alidhani nimekuja kuomboleza.

Nikamwachia afike karibu na makoti.

"Lakini shemeji," nikamnong'oneza, "mguu wangu leo unaniuma."

Akageuka.

"Mlima ule siuwezi. Tubadilishane. Wewe panda Mierezini, mimi nikae Bwawani. Na vibao tusiviguse, Thibault asije akatupigia kelele. Mambo ya ndugu haya, ama sivyo?"

Mnaelewa nilichomtegea? Akikubali, atapanda mlimani peke yake, atakaa palepale. Mimi nitakaa Bwawani mpaka baridi inizidi, nitapanda kumwomba kahawa, nitaona mierezi inatikisika. Ubao utasema nilikuwa mahali pangu, na shemeji masikini ndiye aliyeacha pake. Nitajigaragaza kwenye theluji. Nitatozwa faini, nitanyang'anywa leseni miaka michache, na siku ya mazishi nitasimama mbele ya jeneza niseme huyu hakutulia tangu utotoni. Na akikataa, lazima aseme kwa nini anakataa. Moyo wangu ulikuwa unaomba akubali. Sifichi. Niliomba kwa Mungu na kwa yeyote aliyekuwa anasikiliza: akubali, akubali.

Denny alikuwa mweupe kama unga. "Hapana," akasema.

"Hapana nini?" nikapaza sauti wote wasikie. "Mguu unaniuma, nakuambia."

"Siendi huko."

Hoyt akacheka. "Ebo, Denny! Mwanamke anaumwa mguu, nawe unaogopa kilima? Nenda bwana, utapunguza hilo tumbo!"

"Siendi! Sibadilishani mahali bila kugusa vibao!"

Sasa hata Thibault alisikia. "Kuna nini? Nani anabadilishana bila kugusa vibao kwenye kambi yangu?"

"Muulize Denny, mzee," nikasema. "Yeye ndiye fundi wa hayo."

"Atanipiga," Denny akasema. Alikuwa anainyooshea kidole bunduki, si mimi. "Amekuja kunipiga risasi. Mtazameni. Hamumwoni?"

Watu wakanitazama. Mimi nilikuwa nimekaa nimekunja mikono, mjane wa makamo mwenye sweta la maua. Hoyt akaanza kucheka tena, akaona uso wangu, akaacha.

"Kwa nini akupige?" Thibault akauliza.

Denny akarudi nyuma hatua moja.

"Nakuuliza wewe! Ile ilikuwa ajali. Emil aliacha mahali pake. Sasa mke wake akupige kwa kosa gani?"

Nilimtazama yule mwanamume akitafuta mlango. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama ubao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa risasi moja, nikaisimamisha mezani pembeni ya bunduki. Sikuitia ndani, sheria ya kambi ni sheria. Niliisimamisha tu.

"Kwa sababu hakuacha," akasema Denny, polepole sana.

"Sema kwa nguvu!" nikapiga kelele. "Mzee hasikii!"

"Emil hakuacha mahali pake! Nilimwomba tubadilishane! Mimi ndiye niliyeondoka Bwawani. Nilimkuta pale nilipomtuma, nikampiga, halafu nikawaambia nyie kwamba ni yeye aliyetangatanga. Haya! Nimesema! Umefurahi, Bernie?"

Kuni zikapasuka kwenye jiko. Mmoja wa wale wazee kimya akavua kofia.

Thibault alikwenda kwenye ubao. Alikiondoa kibao cha Denny Bwawani, akafungua mlango wa jiko, akakitupa motoni. Kisha akavuta droo, akatoa kibao cha Emil, kumbe alikuwa amekihifadhi miaka yote. Akaondoa changu Mierezini, akatundika cha Emil. Alipogeuka alikuwa analia, mzee yule mwenye mdomo mchafu kuliko wote.

"Nimewaambia watu," akasema. "Kila msimu. Nimewaambia vijana wapya: msiwe kama Emil Hudak."

Nilidhani nitashiba. Ndivyo wanavyosema watu, kisasi ni kitamu. Nilisikia utamu, sikatai, wa dakika moja hivi, kile kibao kilipokuwa kinashika moto. Kisha nikamwona Denny anafuta uso kwa mkono wa shati, anahema kama mtu aliyetua mzigo. Ametua! Mimi nimeubeba siku kwa siku, yeye anautua kwa pumzi moja na wanamletea maji! Damu ikanichemka upya.

"Vaa koti," nikamwambia. "Unakwenda kumwambia mama yako."

"Bernie, tafadhali. Mama mgonjwa wa moyo."

"Na mimi moyo wangu ni wa mbao? Alinitukania mume mbele ya jeneza lake. Atasikia kwa mdomo wako, na kesho Jumapili atalisema kanisani kama alivyolisema lile. Vaa koti."

Thibault akamtupia koti.

Kabla ya kuondoka nikairudisha bunduki kwenye sanduku lake, kufuli. Risasi kwenye sanduku lake, kufuli. Denny alisimama kwenye theluji akinitazama. Njia nzima alikaa kwenye kiti cha Emil amejikunyata. Tulipokuwa tumeshaingia New York ndipo alipofungua mdomo.

"Ungenipiga kweli?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa tuko New York, bunduki imefungwa. Ishukuru sheria yao."

Akajaribu kucheka. Mimi sikuwa natania.

Tulifika kwa Ludmila usiku; huyo hula kwa kuchelewa siku zote. Nyumba ileile, jiko lilelile, Bikira Maria juu ya friji. Bibi alikuwa amepika kabichi zilizojazwa nyama na wali, mvuke umejaa madirishani. Hakushtuka kutuona pamoja. Alitoa sahani mbili zaidi.

"Mama," nikasema, "Denny ana neno."

Akasema. Safari hii alisema vizuri, amesimama wima, hakulia. Mguu, Bwawani, Mierezini, vibao, uongo. Alisema yote, na mimi nilikuwa namtazama Ludmila, si yeye. Nilikuwa nimeingoja sura ile tangu siku ya mazishi. Nilitaka kuiona inavyobomoka. Nilitaka aanguke chini aite jina la Emil, aniombe radhi mimi na aliye kaburini.

Ludmila aliendelea kupakua. Kabichi moja, mbili, mchuzi wa nyanya juu.

"Najua," akasema.

Denny akainama. Na mimi nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa anajua kwamba mama yake anajua.

"Unajua tangu lini?" Sauti yangu niliisikia inatoka mbali.

"Aliniambia jioni ileile. Kwa simu, kutoka huko huko."

"Kabla ya mazishi?"

"Kabla."

"Na bado ukasimama pale! Mbele ya jeneza! Ukasema Emil kajitakia!"

Aliweka mwiko chini. Alinitazama usoni, hakukwepa. Lazima niseme hivyo, hakukwepa.

"Ungefanya nini wewe? Aliyekufa hafungwi jela, Bernadine. Hata ukimsema vipi, hafungwi. Wewe ulifiwa na mume, na mume mtu anaweza kumpata mwingine. Mimi nilikuwa nimebakiwa na mmoja."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, makali, ya kumchoma, na hakuna hata moja lililonisaidia. Denny alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia.

"Kaa, Denny," mama yake akasema. "Kula kabla hakijapoa."

Akakaa. Akashika uma, akala. Mlinisikia? Akala!

Ludmila akainua sahani ya pili, akanigeukia. "Na wewe, Bernie? Utakula?"

"Sili tena nyumba hii," nikasema. "Kwa Thibault wamesikia wote, na kesho nitalisema kanisani mimi mwenyewe, mlango hadi mlango kama hapana budi. Na siku ukifa, mama, usiache mtu anitumie habari. Sitakuja kukuzika."

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei akaikubali. Kisha akachukua sahani yangu, akaifuta na taulo, akairudisha kabatini.